Injini Ikianza Kugonga: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi

Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ikishatanda kutoka Kieni hadi Othaya, magari ya kaunti hii huanza siku kwa malalamiko. Simama alfajiri katika steji yoyote, iwe Karatina, Mweiga au hapa mjini Nyeri, utayasikia. Injini inawaka, inagongagonga kwa sekunde mbili tatu kama mtu anayetikisa kopo la misumari, kisha inatulia. Dereva anaita abiria, anaondoka. Baada ya siku chache mlio unachukua sekunde tano. Wiki ya tatu haukomi. Halafu siku moja gari linazima kwenye mlima wa kutoka Sagana kuja Karatina likiwa limejaa watu, na tatizo ambalo lingemalizwa kwa oili mpya na saa moja ya fundi linageuka kuwa injini nzima.

Kwa wakazi wengi gari ni kitega uchumi. Ni Probox inayobeba maziwa asubuhi na viazi mchana, ni matatu ya Nyeri na Nanyuki, ni pikapu ya kupeleka majani chai kwenye kituo cha ununuzi. Likilala gereji wiki mbili, mkopo wa sacco haulali nalo. Makala haya hayatamfanya msomaji kuwa fundi. Yanataka tu kwamba ukifika gereji uwe unajua la kuuliza, na ukiambiwa "hii injini imekwisha" ujue la kujibu.

Milima, baridi na hewa nyepesi

Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki unakaribia mita 1,950. Sagana, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Nyeri, iko karibu na mita 1,200. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300. Injini ile ile iliyo na nguvu tele Mombasa inafika kwetu ikiwa imepungukiwa na karibu moja ya tano. Dereva asiyejua hilo hulazimisha gari kupanda kwa gia kubwa, injini ikizunguka polepole huku mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho. Hapo ndipo beringi za ndani hubebeshwa mzigo mzito kuliko wakati wowote, na oili inazungushwa kwa presha ndogo. Gia ndogo inapiga kelele zaidi lakini inaumiza kidogo. Wengi huamini kinyume chake.

Maji nayo huchemka hapa kwa takriban nyuzi 94 badala ya 100. Kifuniko cha radieta kimeundwa kushikilia presha ili maji yasichemke mapema, na kikiwa kimechakaa, gari ambalo lingevumilia tambarare ya Mwea litachemka likipanda. Kifuniko hicho ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa kwenye gari. Nimeona watu wakibadilisha radieta nzima kabla ya kukigusa.

Jambo la tatu ni baridi yenyewe. Oili ikilala usiku kucha kwenye baridi huwa nzito, na asubuhi huchelewa kufika juu ya injini kwenye vali na kamshafti. Sekunde hizo chache za chuma kusuguana kikavu ndizo zinazoleta ule mlio wa alfajiri. Ukipotea kabla hujahesabu hadi tatu na kiwango cha oili ni sawa, usikose usingizi. Ukiendelea kukua wiki baada ya wiki, soma zaidi.

Vuta kijiti kwanza

Kabla ya kumpigia fundi simu, egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano, vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kivute tena. Oili inapaswa kuwa kati ya alama mbili. Hatua hii haigharimu kitu na ndiyo inayorukwa zaidi. Injini ya 1NZ iliyo kwenye Probox nyingi na Corolla za zamani hubeba lita 3.7 tu za oili pamoja na filta. Ikipungua lita moja na nusu, imepoteza zaidi ya thuluthi moja. Ukiona kijiti kikavu, ongeza oili inayofaa kabla ya kuwasha tena, kisha usikilize. Kelele nyingi huishia hapo. Lakini jiulize oili ilikwenda wapi: inavuja chini, au inaungua na kutoka kama moshi wa buluu?

Fungua pia kifuniko cha kujazia oili. Hapa kwetu, gari linaloenda safari fupi, nyumbani hadi sokoni na kurudi, mara nyingi huwa na povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko hicho wakati wa baridi. Ni mvuke ulioganda kwa sababu injini haikupata muda wa kupata moto. Wako waliouziwa gasketi ya silinda hedi kwa sababu ya povu hilo pekee. Ishara ya kweli ya maji kuingia kwenye oili ni kijiti chenyewe kutoka na rangi ya maziwa, maji ya radieta kupungua bila kuonekana yanakovujia, au moshi mweupe mzito usiokwisha hata baada ya injini kupata moto. Povu la kifuniko peke yake linahitaji safari ndefu kidogo, basi.

Baada ya hapo, tafuta kelele inatoka wapi. Gari likiwa limesimama, kanyaga mafuta kidogo. Ikisikika na kufuata mzunguko wa injini, ni ya injini au vitu vinavyozungushwa nayo. Ikisikika tu gari linapotembea, na hasa ikibadilika unapokata kona, mtazame fundi wa magurudumu, shafti na breki. Utashangaa ni injini ngapi hufunguliwa bure kwa kelele ya beringi ya gurudumu.

Mlio unasema nini

Mlio mwembamba wa filimbi, hasa asubuhi au ukiwasha taa na feni pamoja, kwa kawaida ni belti ya nje iliyolegea au kuzeeka. Ukiwa ni wa kusaga na hauondoki, huenda ni beringi ya alteneta au ya pampu ya maji. Fundi anaweza kutoa belti hiyo, akawasha injini kwa muda mfupi sana. Kelele ikipotea, tatizo liko nje ya injini na bei yake ni ya nje ya injini.

Tik-tik-tik ya haraka kutoka juu, kama cherehani, ni ya tapeti na vali. Huenda nafasi ya vali imepanuka, au oili haifiki vizuri. Gari linaweza kwenda na mlio huo kwa muda, mradi presha ya oili imepimwa na ni nzuri.

Mlio wa cheni kutikisika upande wa mbele wa injini unapowasha tu, unatokana mara nyingi na cheni ya taimingi iliyorefuka au kikazio chake kilichochoka. Injini nyingi za petroli tunazoendesha, zikiwemo za Probox na Vitz, hutumia cheni badala ya belti, na madereva wengi huambiwa kwamba cheni haibadilishwi kamwe. Ikitunzwa kwa oili safi hudumu sana. Ikiachwa na oili iliyogeuka lami hurefuka, na ikiruka meno, katika injini nyingi za kisasa pistoni hugonga vali. Matatu nyingi za dizeli aina ya Hiace zina belti ya taimingi, ambayo haionyi kwa kelele. Ina kilomita zake za kubadilishwa, na zikipita unacheza bahati nasibu.

Mlio wa changarawe laini unapopanda mlima, unaopotea ukiachilia mafuta, ni petroli inayoungua kabla ya wakati wake. Chanzo kinaweza kuwa petroli mbovu, plagi zisizofaa, joto kupita kiasi au taimingi. Kwa kuwa hewa nyepesi hupunguza mlio huo, gari linalonoki kidogo Nyeri litanoki zaidi ukiteremka nalo Mombasa kwa likizo ya Desemba. Lishughulikiwe kabla ya safari.

Sauti ya bati linalotikisika mara nyingi ni bati tu, lile la kukinga joto la eksozi, na nati moja inalitibu. Kishindo unapoingiza gia au kuwasha na kuzima ni mauntingi za injini zilizokatika. Barabara zetu za vijijini haziziachi ziishi.

Kuna mlio wa pumzi, pu-pu-pu, unaoongezeka ukikanyaga mafuta: eksozi inavuja. Watu huuona kama aibu tu ya kelele. Katika miezi ya baridi ni hatari kwa maisha. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Madirisha yakifungwa kwa sababu ya baridi na moshi ukipenya kupitia sakafu iliyotoboka, abiria huanza kuumwa na kichwa, kusinzia, kichefuchefu, na mtoto aliyelala kiti cha nyuma huenda asiamke. Ukisikia eksozi inavuja na wenzako ndani ya gari wanalalamika vichwa, fungua madirisha yote, simamisha gari, watoeni watu nje. Kwa sababu hiyo hiyo usipashe gari moto ndani ya gereji iliyofungwa nyumbani.

Lile la kuogopwa zaidi nimeliacha mwisho. Ngo-ngo-ngo nzito kutoka chini, inayokwenda sambamba na mzunguko na kuongezeka injini ikibeba mzigo, huwa ni beringi za konrodi, yaani zile zinazounganisha pistoni na kranki. Mafundi husema injini imenoki. Zima. Usiseme utaifikisha nyumbani kwanza. Beringi hizo ni vipande vyembamba vya chuma laini; zikiisha, chuma kigumu husaga kranki, na kila kilomita inaongeza gharama. Ukiwahi, kranki huchongwa na kuwekewa beringi nene kidogo, robo au nusu milimita. Ukichelewa, konrodi hukatika na kutoboa ubavu wa injini, na hapo hakuna cha kuchonga. Hali ni hiyo hiyo ukiona taa nyekundu ya oili imewaka ukiwa barabarani, hata kama husikii kelele yoyote. Gharama ya kuvutwa kutoka Sagana hadi Nyeri inauma, lakini ilinganishe na bei ya injini.

"Hii injini imekwisha"

Miaka michache iliyopita Vitz yangu ilianza tik-tik ya juu. Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilisikiliza kwa dakika moja na kunipa jibu: injini ibadilishwe. Niliambiwa nilipe nusu siku hiyo hiyo ili injini iagizwe Nairobi. Nilikuwa bado nalipa mkopo wa gari lenyewe. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu usiku, na haikuniingia akilini kwamba mtu anaweza kuzika injini bila kuifungua hata nati moja.

Fundi wa pili, mzee mmoja mwenye banda la mabati, alifanya mambo matatu. Aliweka bisibisi ndefu sikioni na ncha yake juu ya injini, akasikiliza sehemu moja baada ya nyingine. Alifungua swichi ya presha ya oili, akafunga geji yake mahali hapo, akawasha. Presha ilikuwa chini sana. Kisha akateremsha sampu. Wavu wa kunyonyea oili ulikuwa umezibwa na uchafu mweusi mzito kama uji uliokauka. Alisafisha, akakagua beringi akakuta bado nzuri, akaweka oili na filta, na baada ya kilomita 1,000 akabadilisha tena. Gari linatembea hadi leo. Nilimwuliza kwa nini gereji ya kwanza haikupima. Akanijibu kwamba kupima hakulipi kama kuuza injini.

Si kila hadithi huisha hivyo. Jirani yangu anayesafirisha maparachichi kutoka Mukurwe-ini alisikia ngo-ngo siku ya Jumatatu, akasema atapeleka gari Ijumaa akishalipwa. Jumatano konrodi ilitoka nje.

Kwa hivyo kabla ya kukubali kazi kubwa, dai vipimo na uombe kuonyeshwa matokeo. Cha presha ya oili hufanywa kwa geji, injini ikiwa na moto. Mafundi wengi hukadiria angalau paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Cha kompresheni huonyesha kama ringi na vali bado zinashika, na muhimu ni silinda zote zikaribiane. Ili kujua kama mgongo wa kelele uko kwenye silinda fulani, fundi hukata umeme wa plagi moja baada ya nyingine. Mlio ukipungua akikata ya tatu, beringi ya tatu ndiyo mshukiwa. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ni nzuri kwa injini inayomisi na taa ya injini ikiwaka, lakini haina masikio. Haiwezi kukwambia beringi imekwisha. Kama taarifa pekee uliyopewa ni karatasi ya mashine hiyo, bado hujapimiwa kelele.

Onyo dogo kuhusu ushauri wa kutia oili nzito, ile wanayoiita mono, ili kelele ipungue. Itapungua kweli, maana oili nzito hujaza nafasi zilizochakaa. Lakini asubuhi ya baridi itachelewa zaidi kupanda juu, na injini zenye VVT-i hutumia presha ya oili hiyo hiyo kurekebisha vali. Umenyamazisha mlio na kuongeza ugonjwa. Ujanja huu pia hutumiwa na wauzaji wa magari ya mkono wa pili. Ukienda kununua, fika mapema bila kutarajiwa, gusa injini; ikiwa tayari ina moto, uliza kwa nini, na urudi siku nyingine uisikie ikiwaka baridi.

Bei ya kipuri na bei ya gari

Ukishajua tatizo, swali linakuwa la hesabu. Wengi hulinganisha gharama ya matengenezo na bei waliyonunulia gari, na hapo ndipo hesabu inapopotea, kwa sababu pesa hiyo ilishaondoka. Linganisha mambo mawili: gari likiwa zima leo lingeuzwa bei gani, na likiwa hivi lilivyo lingeuzwa bei gani.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Probox ikiwa nzima ingeuzwa Sh500,000, na kwa hali yake ya sasa mnunuzi anatoa Sh300,000. Matengenezo ni Sh90,000, na itakaa gereji siku kumi ambazo ungepata Sh2,000 kila siku. Gharama ya kweli ni Sh110,000, na thamani unayookoa ni Sh200,000. Tengeneza. Sasa chukua gari la zamani ambalo likiwa zima ni Sh220,000 na bovu ni Sh150,000. Kutumia Sh90,000 kuokoa Sh70,000 hakuna maana, isipokuwa kama bodi, gia na shoki zake ni nzuri na unakusudia kukaa nalo miaka kadhaa. Maana gari utakalonunua badala yake nalo lina injini usiyoijua. Magari yetu mengi huingia nchini yakiwa yameshatumika ng'ambo, na Kenya huruhusu yenye umri usiozidi miaka minane. Kilomita za dashibodi si za kuapiwa.

Kati ya kufungua injini na kuweka nyingine iliyotoka Japani, mimi huegemea kufungua pale ambapo kuna fundi mwaminifu na mashine ya kuchongea karibu, kwa sababu unajua ni nini kimewekwa ndani. Injini iliyotumika huokoa muda, na kwa mwenye matatu muda ni pesa. Lakini unanunua kitu kilichofungwa. Ukiamua hivyo, isikilize ikiwaka kama inawezekana, vua kifuniko cha juu uone kama kuna uchafu mweusi, andikiana na muuzaji muda wa dhamana, na uchukue risiti pamoja na nakala za hati za ushuru.

Hati hizo utazihitaji. Nambari ya injini imeandikwa kwenye logibuku, na ukiweka injini nyingine lazima ujulishe mamlaka ya NTSA ili kumbukumbu zibadilishwe. Wengi huliacha hilo hadi siku ya kuuza gari, ajali inapotokea na kampuni ya bima inapokagua, au polisi wanapolinganisha nambari. Wakati huo muuzaji wa injini hapatikani kwa simu.

Haki zako kwenye gereji

Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari, na ni wachache wanaoijua. Fundi anapaswa kukupa makadirio ya gharama kabla ya kazi na kupata idhini yako. Malipo ya mwisho hayapaswi kuzidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Una haki ya kurudishiwa vipuri vilivyoondolewa, na hili nalisisitiza: beringi ya zamani mkononi mwako inakuonyesha kama ilikuwa imekwisha kweli. Sheria pia inahesabu kwamba vipuri vipya alivyoweka, na kazi yake, vina dhamana.

Makadirio si lazima yawe na nembo na mihuri. Ujumbe wa simu unaosema kazi gani, vipuri gani, bei gani na lini, ukijibiwa "sawa", ni bora kuliko maneno matupu. Lipa kwa M-Pesa ili rekodi ibaki. Mkishindwa kuelewana na hasara haizidi Sh1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kusikiliza kesi yako, na hulazimiki kuwa na wakili.

Kuhusu oili na vipuri ghushi, bidhaa zilizoidhinishwa na KEBS hubeba alama ya ubora yenye nambari ya kibali. Andika SM#, ufuatishe nambari hiyo, utume kwa 20023, nawe utajibiwa kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Fanya hivyo kabla kopo halijafunguliwa. Makopo matupu ya oili yana soko; ukibadilisha oili, toboa lako.

Kelele yenyewe na oili chafu

Kanuni za barabarani zinataka kila gari liwe na sailensa inayofanya kazi, na kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinakataza kelele zinazopita kiasi. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele. Kijana anayetoboa eksozi ya Subaru au pikipiki ili isikike kutoka Ruring'u hadi Gatitu anavunja sheria, na mwenye gari bovu naye hajaachwa huru kwa kuwa hakukusudia.

Wenye gereji wanakumbushwa kuwa leseni ya biashara hutolewa na kaunti, na mteja anaweza kuomba kuiona. Mafundi waliojifunza kazi kwa kushika spana bila kukaa darasani wanaweza kufanya mitihani ya ufundi ya NITA, ambayo huanza daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Mteja akiuliza cheti, asichukuliwe kuwa mkorofi. Na wazazi wenye watoto waliomaliza shule na wanaopenda injini wapitie chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu nao.

Limebaki jambo la oili chafu. Gereji nyingi za mjini ziko juu ya mteremko, na kinachomwagwa kwenye mtaro huishia Mto Chania, kisha Sagana, kisha Tana. Ukibadilisha oili nyumbani, irudishe kwenye kopo, ifunge, uipeleke gereji inayoiweka kwenye pipa kwa ajili ya wanunuzi wa oili chafu. Usiimwage shambani, usipake nguzo za boma ambalo mifugo hulamba, wala usiiwashe jikoni. Kopo lenyewe, kama tulivyosema, litoboe baada ya kumwaga oili hiyo.